Miguu Inayowaka Moto Usiku: Tafuta Chanzo Kabla ya Kutafuta Kidonge

Saa nane za usiku mtu anaamka, anaitoa miguu nje ya shuka na kuishusha kwenye sakafu ya saruji ipate ubaridi. Wapo wanaolala na beseni la maji kando ya kitanda. Wapo wasioweza kuvumilia hata uzito wa shuka juu ya vidole. Mchana hali inatulia, mtu anashughulika na kazi zake na kusahau, lakini ikifika jioni mambo yanaanza upya: nyayo zinawaka, vidole vinachomachoma au vinakufa ganzi, na wengine wanasema wanasikia sisimizi wakitembea chini ya ngozi. Jirani akiulizwa atasema ni baridi yabisi. Duka la dawa utapewa diclofenac na vidonge vya vitamini B. Na hatakosekana wa kukunong'oneza kwamba umekanyaga kitu ulichotegewa.

Mara nyingi hizo ni dalili za kuumia kwa mishipa ya fahamu iliyo mbali na ubongo na uti wa mgongo, hali ambayo madaktari huiita nyuropathi ya pembeni. Ninachotaka msomaji akishike ni kwamba ganzi ya miguu si ugonjwa unaojitegemea. Ni dalili, ina chanzo, na chanzo hicho mara nyingi hupatikana kwa vipimo vya kawaida ambavyo hata hospitali ya wilaya inaweza kuvifanya au kuvitafutia njia. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaanza na kidonge, tunahama kidonge, tunahamia mafuta ya kuchua, na miaka miwili inapita kabla mtu hajauliza swali la msingi: kwa nini mishipa hii inaumia?

Muda huo una gharama. Mishipa ya fahamu ikizidi kuharibika, maumivu yanaweza kupungua yenyewe. Mgonjwa anafurahi, anasema dawa imemkubali, kumbe mishipa iliyokuwa inalalamika imekufa na mguu haupeleki tena taarifa.

Kwa nini inaanzia vidoleni

Tukitaja mishipa, wengi tunafikiria ya damu, ndiyo maana maelezo ya "damu haitembei" yanakubalika haraka. Tatizo la damu kutofika vizuri miguuni lipo, lakini lina sura yake: maumivu hukamata vigimbi mtu anapotembea, na akisimama kidogo yanaachia. Mishipa ya fahamu kazi yake ni nyingine. Inapeleka hisia kwenye ubongo, inaleta amri kwenye misuli, na inaendesha kazi ambazo hatuziamrishi wenyewe, kama mapigo ya moyo, mwendo wa utumbo, jasho, kibofu na nguvu za kiume.

Mshipa mrefu kuliko yote unatoka sehemu ya chini ya mgongo hadi kwenye vidole vya miguu, karibu mita moja kwa mtu mzima. Chembe hai inayoulisha iko jirani na uti wa mgongo, kwa hiyo kila kinachohitajika kwenye ncha lazima kisafirishwe njia yote hiyo. Ni sawa na laini ya maji ya mtaa: presha ikishuka, nyumba ya mwisho ndiyo inayokauka kwanza. Ndiyo sababu tatizo linaloathiri mwili mzima, kama sukari iliyo juu au upungufu wa vitamini, hujitokeza kwanza vidoleni, miguu yote miwili, kisha hupanda polepole kwenye nyayo na vifundo. Likikaribia magotini, ncha za vidole vya mikono nazo huanza kupoteza hisia. Ukimwomba mgonjwa akuonyeshe eneo lilipo tatizo, atakuchorea umbo la soksi, na baadaye la glavu.

Mpangilio huo peke yake unasaidia kutenganisha mambo. Ganzi inayoanzia kidole gumba hadi cha kati cha mkono mmoja, ikamwamsha mtu usiku akakung'uta mkono, kwa kawaida ni mshipa uliobanwa kwenye kifundo cha mkono. Mafundi cherehani, wasusi na wajawazito wanaifahamu. Maumivu yanayoshuka kutoka makalioni kwenye mguu mmoja yanaelekeza kwenye mgongo. Nusu ya mwili kufa ganzi ghafla, mdomo ukapinda au maneno yakagoma, ni kiharusi hadi ithibitike vinginevyo, na hapo ni kukimbia hospitali bila kusubiri kupambazuke.

Dalili ambazo watu hawazihesabu

Kuna nyuzi nyembamba na nyuzi nene ndani ya mishipa hii. Nyembamba zinabeba maumivu na joto. Zikiguswa ndipo mtu anapopata ule moto wa nyayo, shoti kama za umeme, na kuumizwa na vitu visivyostahili kuumiza, kama soksi au shuka. Nene zinabeba mtetemo na taarifa ya mguu uko wapi. Hizi zikiharibika hakuna maumivu ya kutisha, na hapo ndipo watu wengi hupitwa. Mtu anahisi kama anakanyaga godoro. Anayumba akifumba macho bafuni wakati wa kunawa uso. Gizani anashika ukuta, mwangani anatembea vizuri. Wenzake wanasema ni uzee.

Mama yangu mdogo alirudi kutoka sokoni siku moja na kandambili moja mguuni. Tulipomuuliza nyingine iko wapi aliinama, akatazama, akashangaa kuliko sisi. "Nimeiacha wapi tena, jamani?" Ilichomoka njiani na yeye akaendelea kutembea juu ya kokoto bila kujua. Hakuwa akilalamika maumivu yoyote, na sukari alikuwa ameambiwa anayo miaka kadhaa nyuma. Nesi wa kliniki aliposikia kisa hicho hakucheka. Alimwambia avue na kingine, apande kitandani, akaanza kumkagua nyayo moja kwa moja. Kandambili inayopotea bila mwenyewe kujua ni dalili anayopaswa kuambiwa daktari, sawasawa na maumivu.

Zipo nyingine za kimyakimya. Ngozi ya miguu kukauka na kupasuka kwa sababu jasho limekatika. Kizunguzungu ukiinuka haraka kutoka kwenye mkeka. Tumbo kujaa baada ya tonge chache. Nguvu za kiume kupungua, jambo ambalo wanaume wengi hulipeleka kwa wauza mizizi wakati huenda ndilo lingekuwa tangazo la kwanza la kisukari. Kidole gumba cha mguu kushindwa kuinuka vizuri, mtu akajikwaa mara kwa mara kwenye zulia.

Kipo kipimo unachoweza kufanyiana nyumbani, kilichobuniwa na madaktari wa mji wa Ipswich, Uingereza. Mgonjwa analala na kufumba macho. Wewe unamgusa kwa ncha ya kidole cha shahada, taratibu, kwa sekunde moja au mbili, bila kubonyeza wala kusugua: kidole gumba, cha kati na cha mwisho, mguu wa kulia na wa kushoto. Jumla ni miguso sita. Kila akihisi anasema. Akikosa miwili au zaidi, hisia zimepungua na anahitaji kukaguliwa na mtaalamu. Hakigharimu chochote. Kila familia yenye mgonjwa wa sukari ingefaa kukijua.

Sukari kwanza

Kwa eneo letu na kwa dunia nzima, kisukari ndicho chanzo kinachoongoza. Kadiri miaka inavyopita, karibu nusu ya wenye kisukari hupata kiasi fulani cha tatizo hili. Sukari ya juu inaharibu mshipa wenyewe, na pia vishipa vidogo vya damu vinavyoulisha. Lisilojulikana sana ni kwamba uharibifu unaweza kuanza mapema, sukari ikiwa imepanda lakini bado haijafika kiwango cha kuitwa kisukari. Kiwango hicho, ukipimwa asubuhi kabla ya kula, ni milimoli 7.0 kwa lita au zaidi. Kwa kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c), ni asilimia 6.5 au zaidi. Mtu aliyepimwa mara moja akapata milimoli 6.5 kabla ya kula, akaambiwa "hauna sukari, nenda nyumbani", na miguu yake inawaka, hajamaliza safari. Anahitaji kurudia kipimo, na kipimo cha miezi mitatu kikipatikana ni bora zaidi.

Nyongeza kwa wanaoanza matibabu: sukari iliyokaa juu sana kwa muda mrefu ikishushwa kwa kasi, wakati mwingine maumivu ya miguu huongezeka kwa wiki au miezi ya mwanzo. Watu wameacha insulini kwa sababu hiyo wakiamini ndiyo inayowaua miguu. Mwambie daktari, apunguze kasi ya kushusha, lakini usiache dawa.

Vitamini B12 na fumbo la metformin

Hapa ndipo ninapoona kosa linalojirudia sana. Metformin ni dawa nzuri, nafuu, na ndiyo ya kwanza kwa wengi wenye kisukari cha ukubwani. Ikitumika kwa miaka inaweza kupunguza ufyonzaji wa vitamini B12 tumboni. Upungufu wa B12 nao huleta ganzi na moto wa miguu unaofanana kabisa na ule wa sukari. Mgonjwa akilalamika anaambiwa "ni sukari yako", inaongezwa metformin, na hakuna anayefikiria B12. Aliyetumia metformin zaidi ya miaka michache na miguu yake ikaanza kusumbua ana haki ya kuuliza: B12 yangu imepimwa lini?

B12 inapatikana kwenye vyakula vya wanyama: maini, nyama, samaki, dagaa, mayai, maziwa. Bakuli la dagaa lina faida kubwa kuliko bei yake. Walio hatarini ni wasiokula kabisa vitu hivyo, wazee ambao tumbo lao halifyonzi vizuri, waliofanyiwa upasuaji wa tumbo, na wanaomeza dawa za kupunguza asidi kwa miaka. Upungufu wake ukiachwa hauishii kwenye mishipa ya pembeni. Unaingia kwenye uti wa mgongo, mwendo unaharibika, kumbukumbu inapungua. Na mtu anaweza kuwa nao bila upungufu wa damu. Akipewa foliki asidi peke yake, damu itapanda vizuri huku mishipa ikiendelea kuharibika, kwa hiyo kipimo cha damu kuwa safi hakitoshi kuufuta uwezekano huo.

Kwamba lishe inaweza kugonga mishipa ya fahamu ya watu wengi kwa pamoja si nadharia. Cuba, kati ya mwaka 1991 na 1993, misaada ya Urusi ya Kisovieti ilipokatika na chakula kikawa haba, zaidi ya watu 50,000 walipata upofu wa sehemu, ganzi na maumivu ya miguu; serikali iligawa vitamini kwa wananchi wote na mlipuko ukashuka. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 1988, madaktari wa Dar es Salaam walikuwa wameanza kupokea vijana waliokuwa wakipoteza uoni na wengi wao wakiwa na ganzi na moto wa miguu. Huko pia lishe ilishukiwa.

Lakini vitamini hazina maana kwamba ukizidisha ndiyo unapona zaidi. Vidonge vya mchanganyiko wa vitamini B vinavyouzwa kila duka la dawa kwetu vingine vina B6 ya miligramu 100 au 200 kwa kidonge. B6 ikizidi kwa muda mrefu, yenyewe inaua mishipa ya hisia. Jambo hili lilielezwa na madaktari wa Marekani mwaka 1983, kwa watu waliokuwa wakimeza gramu 2 hadi 6 kwa siku, na baadaye ikaonekana hata dozi za chini zaidi zinaweza kudhuru. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka kikomo cha miligramu 12 kwa siku kwa matumizi ya muda mrefu ya mtu mzima. Sasa mfikirie mtu ambaye miguu inawaka, anameza vidonge hivi viwili kila siku mwaka wa tatu, na kila hali ikizidi anaongeza kidonge. Kozi fupi iliyoandikwa na daktari ni jambo moja; kujinunulia mwaka hadi mwaka ni jambo jingine.

Dawa za kifua kikuu, VVU, na ukoma tuliousahau

Isoniazid, moja ya nguzo za tiba ya kifua kikuu, huingilia matumizi ya B6 mwilini na inaweza kuleta ganzi. Hapa B6 ndiyo kinga, kwa dozi ndogo, kati ya miligramu 10 na 50 kwa siku. Ni muhimu zaidi kwa wajawazito, wenye VVU, wenye kisukari, wanywaji wa pombe na wenye lishe duni. Ndiyo maana anayepewa isoniazid ya kujikinga na kifua kikuu hupewa na kile kidonge kidogo cha ziada. Wapo wanaokiacha wakidhani ni cha kuongeza hamu ya kula. Kisiachwe.

VVU vyenyewe vinaweza kuumiza mishipa, na baadhi ya dawa za zamani ziliongeza tatizo, hasa stavudine, iliyotumika sana Afrika Mashariki tiba ilipoanza kusambazwa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2009 iondolewe hatua kwa hatua. Waliozitumia miaka ile baadhi yao bado wanaishi na ganzi ya nyayo, na hawakosei wakisema ilianza na dawa. Hata hivyo mseto wa sasa si ule. Anayeogopa kuanza tiba leo kwa sababu ya miguu ya mjomba wake aliyeanza mwaka 2006 anaogopa dawa ambayo hatapewa.

Ukoma nao bado upo, Tanzania ikiwemo, na unatibika. Dalili yake haianzi kama soksi. Mara nyingi ni baka kwenye ngozi, lililopauka au lenye wekundu, lisilohisi ukiligusa kwa pamba, au mshipa mnene unaoweza kushikika nyuma ya kiwiko au pembeni chini ya goti. Dawa hutolewa bure, kozi ya miezi 6 au 12. Ukiwahi, mikono na miguu inabaki salama. Watu wanachelewa kwa aibu, na aibu hiyo ndiyo inayokata vidole.

Pombe ifuate hapohapo. Gongo, chang'aa au bia za kila siku kwa miaka huumiza mishipa moja kwa moja, na mnywaji mara nyingi hali vizuri, vitamini B1 ikapungua. Kuacha pombe na kula husaidia, ingawa si kila kitu kitarudi.

Vyanzo vingine nivitaje kwa haraka: figo kushindwa kazi, tezi ya shingo kuzembea, dawa za saratani kama vincristine, cisplatin na paclitaxel, metronidazole ikitumika kwa wiki nyingi mfululizo, sumu za viuatilifu kwa wapuliziaji wasio na vifaa vya kujikinga, kutegemea mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, na magonjwa ya kurithi ambapo nyayo za ukoo mzima zimepinda kwa juu. Halafu kuna ile ya dharura: udhaifu unaopanda kutoka miguuni ndani ya siku chache, baada ya kuharisha au mafua, mtu akashindwa kuinuka, kumeza au kupumua vizuri. Hiyo haisubiri kliniki ya Jumatatu. Vilevile kushindwa kuzuia mkojo au haja pamoja na ganzi ya sehemu za siri.

Unapofika hospitali

Daktari mzuri atatumia zaidi maswali na mikono kuliko mashine. Atauliza ilianza wapi, lini, inapanda au imesimama, unatumia dawa gani na umewahi kutumia zipi, unakula nini, unakunywa nini, nani mwingine nyumbani ana tatizo hilo. Nenda na pakiti za dawa zote mfukoni, hata zile za mitishamba. Kisha atakukagua kwa uzi mgumu wa nailoni unaopinda ukibonyezwa kwa nguvu ya gramu 10: anaugusisha kwenye unyayo nawe umefumba macho, unasema kila unapohisi. Atagonga kile chuma chenye matawi mawili na kukiweka kwenye mfupa wa kidole gumba ili ajue kama unahisi mtetemo. Atagonga kano ya kisigino kwa nyundo ndogo. Dakika tano zinatosha.

Vipimo vya kuanzia ni sukari, picha nzima ya damu, kazi ya figo na ini, VVU, na B12 na homoni ya tezi pale vinapopatikana. Kipimo cha umeme wa mishipa kipo kwenye hospitali kubwa chache na wengi hawakihitaji mwanzoni. Isitoshe kinapima nyuzi nene tu. Mwenye tatizo la nyuzi nyembamba anaweza kuungua kila usiku na majibu yakatoka safi. Ukiambiwa "mashine haikuona kitu", haimaanishi unajisingizia.

Hata vipimo vyote vikifanyika, takriban robo ya wagonjwa hubaki bila chanzo kinachojulikana. Si habari nzuri wala si hukumu. Aina hiyo kwa kawaida huenda polepole sana, na maumivu yake yanatibika kama ya wengine. Sukari irudiwe kila mwaka, kwa sababu baadhi yao huja kuonekana wana kisukari baadaye.

Kutuliza maumivu

Paracetamol na diclofenac zinasaidia kidogo sana maumivu ya mishipa ya fahamu, na diclofenac ya kila siku kwa mwenye kisukari ni hatari kwa figo zake. Dawa zinazofaa ni za aina nyingine: amitriptyline, gabapentin, pregabalin, duloxetine. Amitriptyline ndiyo rahisi kupatikana na bei yake ni nafuu. Watu hushtuka wakisoma karatasi yake wakakuta ni ya sonona, wakadhani daktari amewaona wana matatizo ya akili. Kwa maumivu ya mishipa hutumika kwa dozi ndogo, kuanzia miligramu 10 au 25 usiku, na kazi yake hapo ni kupunguza kelele za mishipa zinazofika kwenye ubongo. Inakausha mdomo na kuleta usingizi, na haiwafai baadhi ya wenye magonjwa ya moyo au wazee wenye tezi dume. Inahitaji wiki kadhaa kabla ya kuihukumu. Kinachotarajiwa ni maumivu kushuka kwa nusu hivi, mtu alale usiku. Anayekuahidi kuyaondoa yote kwa chupa moja anakuuzia chupa.

Na mishipa yenyewe? Ikiondolewa sababu mapema, inaweza kuota tena, kwa mwendo wa takriban milimita moja kwa siku. Hesabu mwenyewe kutoka mgongoni hadi kidoleni utaona kwa nini daktari anazungumzia miezi na miaka.

Miguu isiyohisi

Kazi iliyobaki ni kuilinda miguu ambayo haijilindi. Maji ya moto ndiyo adui namba moja: nyayo zikiwa na ganzi mtu anataka kuziloweka kwenye maji ya moto na chumvi, na anaungua hadi malengelenge bila kuhisi. Pima maji kwa kiwiko, au mwite mtu mwingine ayapime. Usiote moto wa jiko la mkaa. Ekzosi ya bodaboda imechoma wengi. Usitembee peku, hata ndani ya nyumba. Na kwa anayekwenda msikitini, ua wenye vigae vya jua la saa saba unachoma, tafuta kivuli au vaa soksi. Ukimaliza kutia udhu kausha katikati ya vidole, kwani unyevu hapo hualika fangasi, na ufa wa fangasi ndiyo mlango wa kidonda. Kung'uta kiatu kabla ya kuvaa. Nunua viatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ili visibane. Sugu usizikate kwa wembe.

Kuna hatari ambayo vitabu vya Ulaya haviitaji. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha taarifa ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini na wasiamke. Chomeka chandarua chini ya godoro pande zote, osha miguu na mabaki ya chakula kabla ya kulala, na ziba matundu. Asubuhi tazama nyayo kwa kioo, au mtoto akutazamie. Kidonda chochote, hata kisichouma, hasa kisichouma, kionwe na mhudumu siku hiyo au kesho yake.

Kliniki zetu zina foleni, na daktari mwenye wagonjwa sitini hana nafasi ya kukumbuka kila kitu. Kwa hiyo ukifika zamu yako, vua viatu na soksi kabla hajauliza, useme: naomba unitazame miguu.